Fundi Abasi, Mwizi wa Kuku wa Gongoni

Katika Tabora nzima, kuanzia stesheni mpaka kwetu Kwihara, hakuna awezaye kueleza maisha ya Fundi Abasi kunishinda mimi Tobias. Wapo watakaosema wanamjua zaidi. Waacheni, wapwa zangu. Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu na miezi minne ya la nne, na hiyo miezi mingine ningeimaliza kama mwalimu asingenionea wivu.

Abasi bin Ramazani alizaliwa ng'ambo ya ziwa, Umanyema, upande wa Wabelgiji. Alivuka akiwa amebebwa, kwa hiyo ukimwuliza habari za kwao atakusimulia mgongo wa mama yake tu. Alikulia Gongoni, mtaa wa hapa mjini, akajifunza ufundi bati, akamwoa Tatu, binti wa hapahapa. Mwaka ninaousimulia, wa pili tangu vita vya Hitla kwisha, alikuwa na watoto watano na kibanda cha kazi karibu na soko.

Hakuna kilichovuja Tabora asichokiziba. Mabirika ya kutawadhia ya msikitini aliyalehemu yeye. Chetezo cha ubani cha misheni ya Wakatoliki kilikuwa na viraka vyake vitatu. Na Wamoraviani, ambao bila tarumbeta hawaamini kwamba Jumapili imefika, walimletea matarumbeta yao yakiwa yamepondeka kama yamekanyagwa na ng'ombe, wakayachukua yakiwa yanalia vizuri kuliko wapulizaji wenyewe. Mji wetu ulikuwa unamwita Mungu kwa njia tatu, na zote zilipita kwanza mikononi mwa Abasi.

Mimi na yeye ni watani. Babu yangu na babu yake walibeba pembe katika msafara mmoja, wakashika utani njiani, nasi tukaurithi kama watu wengine wanavyorithi mashamba. Utani una sheria zake. Mtani wako akifiwa, wewe ndiye unayechimba kaburi. Akiwa na kuku, unamkamata bila kuomba. Na mbele ya watu usimsifu hata ukishikiwa panga, kwa sababu kumsifu mtani hadharani ni kumkana, umemfanya mgeni. Hapo pashikeni, maana ndipo nilipojikwaa.

Nikipita kibandani kwake tulikuwa tukisalimiana hivi:

"Karibu, kichwa bapa. Mizigo ya babu yako ilikibonyeza hata cha kwako."

"Nimekuja kuwatazama kuku wangu uliowaiba."

"Nimewachinja. Walianza kufanana na wewe, nikawaonea huruma."

Kisha ananisogezea kigoda, tunakunywa kahawa kama ndugu.

Basi, ukaja mwezi ule ikabandikwa karatasi bomani. Kila mtu aliyetoka ng'ambo ya ziwa bila cheti cha kuingia arudi alikotoka. Yaliorodheshwa majina ya wenye nyumba kumi na mbili, na la Abasi lilikuwa la kwanza. Apande gari moshi la Kigoma siku ya Alhamisi, huko kuna meli. Tatu na watoto, kwa kuwa ni wazaliwa, wangeweza kubaki. Yaani serikali ilikuwa imempa mwanamke hiari ya kuchagua kati ya mume na mji wake, tena kwa maandishi mazuri ya taipu.

Abasi aliposomewa alisema, "Ng'ambo nitafikia kwa nani? Mgongo wa mama ulishazikwa hapa." Akaendelea kugonga bati, lakini nililiona bati lile: alikuwa anagonga mahali ambapo hapajatoboka.

Tatu alikwenda kwa Mwalimu Nassibu wa msikitini. Mwalimu Nassibu akavaa kanzu ya Idi, akaenda misheni kwa katekista Modest, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga baraza ile. Modest naye ikabidi amfuate Mwinjilisti Nkwabi wa Wamoraviani, ingawa walikuwa hawasemeshani tangu Pasaka, tarumbeta zilipopita nje ya kanisa katikati ya mahubiri ya padri. Kwa kuwa hakuna aliyekubali kikao kifanyike kwa mwenzake, wote watatu walijibana katika kibanda cha Abasi, magoti yakigusana.

Nusu saa ya kwanza waligombania dua ya kufungulia.

"Mwenye umri mkubwa aanze," alisema Mwalimu Nassibu, ambaye ndiye aliyekuwa na umri mkubwa.

"Mwenye kanisa la zamani," alisema Modest.

"Mwenye sauti," alisema Nkwabi.

Abasi akaweka nyundo chini. "Jamani, ombeni wote kwa mara moja. Mungu atachambua mwenyewe."

Wakaomba hivyo. Soko zima likageuka kutazama.

Baada ya hapo, niseme ukweli, walinishangaza. Mwalimu Nassibu alisema amri isiyomsikiliza mtu haina haki, hata ikipigwa mihuri saba. Modest alisema aliowaunganisha Mungu hawatenganishwi na gari moshi. Nkwabi akasema, "Na tusimwombee Abasi peke yake kwa sababu anatuzibia vyombo. Wale kumi na mmoja hawazibi chochote, nao wana watoto." Wenzake wakatazama chini, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amewaza vyombo vyake.

Barua niliiandika mimi. Nilianza, "Kwako Mtukufu wa Kutukuka, Simba wa Boma," Modest akafuta Simba, lakini mengine yalibaki. Ikatiwa sahihi tatu: moja ya Kiarabu, moja ya Kirumi, na moja kubwa ya Nkwabi iliyoshuka hadi ukingoni.

Jumanne likaja jibu. Bwana Shauri, mzungu wa boma anayeamua mashauri, atamsikiliza Abasi Jumatano asubuhi. Aletwe mwenyeji mmoja anayemjua tangu utotoni, athibitishe kwamba wenyeji wanamhesabu kuwa mtu wao. Akiridhika, atalitazama jambo upya.

Wote wakageuka kunitazama, nami nilikuwa nimeshasimama.

Mke wangu Flavia hakufurahi. "Tobias, kesho ulimi wako uufunge kamba."

"Mke wangu, nitasema kama Injili."

"Injili haina mtani," alisema, akanipigia pasi suruali ya Modest niliyoiazima.

Jumatano tuliingia bomani. Bwana Shauri alikuwa Mwingereza kijana mwenye shingo nyekundu, anayesema Kiswahili cha kitabuni, kila neno likiwa limenyooka kama askari wa gwaride. Pembeni alikaa karani wake, aliyeletwa kutoka Unyasa siku tatu kabla. Abasi alikuwa kwenye benchi, na Tatu nyuma yake amembeba mtoto wa mwisho. Viongozi wetu watatu walisimama ukutani.

"Shahidi, unamjua mtu huyu?"

"Ninamjua, bwana, tangu tukiwa uchi."

"Tabia yake ni ya namna gani?"

Nilikuwa nimejiandaa. Mwaminifu, mchapakazi, mpenda amani. Nilikuwa nimeyarudia njiani kutoka Kwihara hadi mbuzi wakayajua. Nikafungua kinywa. Hapo nikasikia sauti ya Abasi kutoka benchini, chini chini:

"Mtazameni. Suruali ya katekista, kichwa cha punda."

Jamani, mimi ni mtu wa damu! Niligeuka, na yote yakatoka kama maji ya bomba lililopasuka. "Bwana, huyu ni mwizi wa kuku! Muulize jogoo wangu mwekundu! Ni mchoyo, kahawa yake ni maji ya kuoshea masizi! Babu yake alimkimbia simba pale Ugalla akaacha mzigo na suruali! Na tumbo lile unaloliona ni kuku wangu wamekaa humo wakitaga!"

Abasi aliangua kicheko mpaka akashika benchi. Tatu pia alicheka. Hata askari wa mlangoni alifunika mdomo.

Bwana Shauri hakucheka. Alikuwa anaandika. "Mwizi wa kuku," alisoma taratibu. "Mchoyo. Ukoo wa waoga." Akafunga jalada. "Asanteni. Ataondoka kesho."

Kicheko cha Tatu kilikatika katikati. Alimshusha mtoto mgongoni, akamkumbatia kifuani, akanitazama. Wapwa zangu, nimetazamwa na fisi, nimetazamwa na mkaguzi wa shule, lakini mtazamo ule sitaki tena.

"Bwana," alisema Modest, "hayo ni maneno ya utani."

"Ni maneno ya heshima," aliongeza Nkwabi.

"Ninyi ni viongozi wa dini tatu," alisema Bwana Shauri, "nanyi mnaniambia kwamba matusi ni heshima?"

Mwalimu Nassibu alisogea mezani polepole. "Bwana, fanya hisani. Mwulize shahidi huyuhuyu habari za karani wako."

Bwana Shauri alikunja uso, lakini akauliza. Nikajibu bila kufikiri, kama mama alivyonilea: "Bwana karani ni mtu mwema sana. Mpole, msafi, ana adabu. Tumefurahi kumpata."

"Umemjua tangu lini?"

"Simjui, bwana. Ni mgeni."

Kalamu ikasimama. Akamwita askari wa mlangoni, akamwuliza hilohilo. Karani ni mtu mzuri mno. Akamwita mama aliyekuja kulalamikia mbuzi. Karani ana sura ya kupendeza, Mungu amweke. Karani mwenyewe akaanza kujinyoosha kwenye kiti.

Kisha Bwana Shauri akafanya kosa la kutaka kujua zaidi. "Na mimi?"

Tukajibu wote kwa pamoja, vizuri kuliko kwaya. "Bwana Shauri ni baba yetu! Mtu wa haki! Mwenye hekima! Mzuri wa sura!"

Akatutazama mmoja mmoja. Wekundu ukapanda kutoka shingoni ukafika masikioni. "Naona," alisema. "Wanaosifiwa hapa ni wageni."

Angekuwa mtani, ningemwambia masikio yake yameiva.

Akafungua jalada tena. "Abasi bin Ramazani atabaki." Tatu akamrudisha mtoto mgongoni. Bwana Shauri akanyanyua muhuri, lakini Nkwabi alikuwa amekwisha kuweka barua yetu mbele yake, kidole kikiwa kwenye mstari wa mwisho.

"Bado nyumba kumi na moja, bwana."

"Nao wana watani?"

"Wape siku ya kusikilizwa," alisema Mwalimu Nassibu, "utaona."

Akawapa Jumatatu. Jumapili ile matangazo yalisomwa katika nyumba zote za ibada: mwenye mtani katika orodha afike bomani mapema, aseme kweli yake. Wakaja watu, wapwa zangu! Foleni ilizunguka boma. Wanyamwezi wazito waliovaa vizuri, Waislamu na Wakristo, wakingoja zamu kwa utulivu, kisha kila mmoja akiingia anapiga kelele: mla panya, mvivu wa kulala, mwenye masikio ya popo! Bibi mmoja, Mwanne, alitukana nyumba tatu akaomba ya nne. Modest alikuwa na wasiwasi kama ni dhambi, akamwuliza padri. Padri alisema waungame, lakini baada ya kumaliza. Nyumba tisa zikabaki siku ileile. Mbili hazikuwa na mtani, wazee wetu watatu wakaenda nazo bomani wiki baada ya wiki, wakikaa benchi moja, mpaka Bwana Shauri akachoka kuwaona akapiga muhuri.

Abasi alipewa cheti chake. Kwa kuwa kila cheti kilitakiwa kuonyesha sababu, na sababu ilitakiwa kunukuu ushahidi, kimeandikwa kwa taipu: anatambuliwa na wenyeji kuwa mwizi wa kuku, mchoyo na mzao wa waoga, kwa hiyo ni mkazi halali wa Tabora. Chini yake kuna jina langu.

Amekitengenezea kijisanduku cha bati, amekilehemu pembe zote vizuri kuliko chetezo cha padri. Wageni wakija anakitoa, na kwa kuwa yeye anasoma herufi za Kiarabu tu, hutuma niitwe.

"Njoo usome, kichwa bapa."

Nami nasoma, nikiongeza kila mara kosa moja ambalo halimo. Juzi nilimsomea kwamba pia anakoroma. Aliniangalia, akaiangalia karatasi, akapima kwa kidole.

"Ajabu," alisema. "Karatasi hii kila mwaka inarefuka."

Kisha akanisogezea kigoda.