Kiti cha Upande wa Baba

Miaka ile ya tisini maman yangu alikuwa amelazwa hospitali kule Jette, Brussels, na kila nikiingia swali lilikuwa lile lile. "Ulipata bandugu ya papa yangu?"

"Bado, maman."

Baba yake alikuwa mzungu wa Ayalandi. Alikuja Kivu kufanya kazi mgodini, akazaa na nyanya yangu, akaondoka kabla maman hajajua kutembea. Jina lake maman alilijua kwa mdomo tu, alivyofundishwa na mama yake. Wala hakutafuta urithi. Kwetu, kabla jeneza halijabebwa, mtu wa upande wa baba husimama na kusema, "Huyu ni wetu, mzikeni." Maman aliogopa kuondoka kama kitu cha kuokotwa njiani.

Basi nikahangaika. Asubuhi nafagia maofisi, mchana niko ofisi ya nyaraka, kwenye makaratasi ya koloni. Na jina lile, mama wee! Karani mmoja kaliandika na O mbele, mwingine kaitupa hiyo O, wa tatu kaandika kama sikio la Mfaransa lilivyomwambia. Ni mtu mmoja au watatu? Bwana wa mapokezi ananiuliza, "Madame, lipi ndilo?" Ningelijua, ningekuwa nakaa pale kuvuta vumbi? Nusura nimtupie boksi.

Mwishowe nikaingia kibanda cha simu Matonge, mtaa wetu Wakongo wa Brussels, na rafiki anayejua Kiingereza, tukapigia nyumba za Ayalandi zenye jina hilo, kwa kila namna lilivyoandikwa. Wengi hawakujua kitu. Bibi mmoja alisikiliza sana. Akasema ndiyo, ami yake aliwahi kwenda Kongo, lakini hakuwa na mtoto. Rafiki yangu akamweleza tena, polepole. "Hakuwa na mtoto," akarudia bibi, akakata.

Tonton, mjomba wangu, kaka ya maman kwa tumbo moja ila baba mwingine, hakukosa utani. "Alors, twende ku bar ya ba Irlandais, pale karibu na maofisi ya Ulaya, tulipie mumoja bia, asimame dakika mbili!" Tulicheka wote, maman naye akacheka hadi kikohozi kikamshika. Kisha akageukia ukuta.

"Hata wa kulipia, atakubali?"

Alikufa wiki ile.

Jeneza lilikuwa kwenye ukumbi wa parokia, Saint-Gilles. Tonton ndiye aliyeongoza. Mbele waliweka kiti cha upande wa baba, kama desturi, wakakitandikia kitambaa.

"Upande ya papa yake?" akauliza.

Uchungu ulinipanda, nikainuka, nikaenda kukikalia mimi. Tonton akanishika mkono.

"Weye ni mutoto yake. Mutoto hawezi kutoa mama yake azikwe."

Nikarudi kwenye benchi. Akauliza mara ya pili, macho mlangoni, na sisi wote tukageuka kutazama mlango, hata mimi niliyejua.

"Bon," akasema. "Tumubebe hivi hivi."