Jicho Lililonyamaza

Brashi, mchoraji wa mabango ya maduka, alikuwa na jicho lisilotulia. Kila baada ya miezi michache lile la kushoto liliiva wekundu, mwanga ukalichoma, naye akashinda chumbani mapazia yameshushwa. Ni uvimbe wa ndani ya jicho, aliambiwa. Matone yaliupoza, kisha ukarudi. Mwishowe ukaja na mwenzake: presha ya jicho, ile inayokula uoni taratibu kuanzia pembeni.

Kaka yake aliugua vivyo hivyo. Alikataa upasuaji, macho yakazimika yote mawili. Hadi alipofariki alikuwa akikaa kibarazani, akigeuzia uso kila hatua iliyopita na kuuliza, "Nani huyo?"

"Tutayafungulia maji ya jicho njia ya kutokea," daktari alimwambia Brashi. "Presha itashuka. Ninachohofia ni huo uvimbe. Kisu kinaweza kuuchokoza."

"Na nisipopasuliwa?"

"Utapoteza hata kilichobaki."

Mkewe akamgusa bega. "Baba watoto, kubali tu. Sitaki uje kuniuliza mimi ni nani."

Akapasuliwa, na presha ikashuka. Wiki chache baadaye jicho likawa jekundu tena. Brashi akaketi ukingoni mwa kitanda, mikono kichwani.

"Nimejimaliza mwenyewe," alisema.

 Mkewe alimshika mkono wakarudi kliniki, matone yakaongezwa, na baada ya siku kadhaa uvimbe ukapungua. Tangu hapo, kimya. Mwaka ukapita bila jicho kuwaka.

Daktari alilimulika kwa muda mrefu. "Limetulia kuliko kabla ya upasuaji. Wengine huwa hivi, wengine huzidiwa. Kwa nini lako limenyamaza, nikwambie ukweli, sijui."

Jibu hilo lilimkosesha raha. Kilichoondoka bila sababu, aliwaza, si kitarudi bila sababu? Kila alfajiri, kabla hata ya kumsalimia mkewe, aliziba jicho zima akakodolea kalenda ukutani kwa lile bovu. Tarakimu zilikuwepo. Lakini uoni ulioliwa haukurudi. Kushoto kwake palibaki ukungu, na ndani ya ukungu huo mara nyingi alihisi mtu amesimama.

Mchana mmoja alikuwa akichora bango la duka la mikate. Kitu kikasogea upande ule.

"Nani huyo?"

Sauti iliyomtoka ilikuwa ya kaka yake kabisa. Brashi akaganda, rangi ikimdondokea kwenye kiatu.

"Ni mimi, nimekuletea chai." Mkewe akazunguka hadi upande wa kulia, akamtazama usoni. "Sauti ya shemeji hiyo. Ila yeye hakuwa mtu wa sukari. Hii nimeijaza sukari, kwa hiyo ni yako."

Brashi alicheka kidogo, akanywa. Kisha akamalizia herufi zilizobaki, zikanyooka.

Jicho bado limetulia. Hata hivyo, akiitwa kazi ya mbali, kitu cha kwanza kuingia mkobani ni chupa ya matone. Rangi hufuata baadaye.