Mstari wa Oili kwenye Mteremko wa Bugarama

Wenzangu, habari hii watu wa mtaa wetu wa Buyenzi wanaijua nusu, ile nusu ya kuchekesha, ya fundi aliyeonekana kwenye barabara ya Bugarama na kaptula iliyopasuka matakoni akirusha udongo kama kuku, na mi sikatai, yule ni mimi, picha ni ya kweli. Nusu ya pili hawaijui kwa sababu hofu haipigwi picha. Naandika zote mbili, na nitajaribu kumpa kila mutu haki yake, hata mimi kama itabaki kidogo.

Kuko mama mmoja wa Mutanga Sud, tunamwita Mama Kelly, ana duka la dawa, mutu mupole sana, na gari yake ni kinyume chake kabisa: ndogo, ya chini chini, moteri yenye turbo, ukikanyaga mafuta inaruka kama mbuzi. Moteri hiyo ilikuwa inavuja oili kwa nyuma, pale mhimili mkubwa unapotoka kwenda kukutana na giaboksi. Pale kuko duara la mpira, sisi mafundi tunaliita jointi spi, kitu kidogo tu, lakini kulifikia lazima ushushe giaboksi yote na klachi, ndiyo maana mafundi wengi wakiisikia kazi hiyo wanakumbuka wana msiba. Mi nilikubali. (Nilisoma mpaka la sita, na kila kazi kubwa naifanya nikijiuliza kama kweli mi ni fundi au ni mutu aliyezoea tu kushika funguo.)

Nikashusha vyote, nikatoa jointi ya zamani, ilikuwa ngumu kama ganda la muhogo lililoachwa juani, nikaweka mpya. Niseme haki: jointi ilikuwa nzuri, aliyeniuzia hakunidanganya, na niliiingiza polepole, imenyooka, mdomo wake nimeupaka oili. Kosa halikuwa pale. Kosa lilikuwa juu. Ili mkono wangu upite, nilitoa ule mpira ambao moteri inapumulia, na kwa sababu avenue yetu ni vumbi tupu na siku hiyo upepo ulikuwa unapiga, tundu nililiziba kwa kipande cha kitenge. Buyenzi wote tunafanya hivyo, tundu likikaa wazi jioni unakuta mchanga ndani. Nilipomaliza nikarudisha mpira pahali pake, kitenge kikabaki ndani, moteri ikabaki imezibwa pua. Sasa moteri ya turbo ukiikazia inajaa pumzi tumboni, na pumzi ikikosa pa kutokea inatafuta pahali palipo laini kuliko pote, na pahali hapo palikuwa jointi spi mpya niliyoiweka mi, Fundi Saidi.

Haya nayajua leo. Siku ile nilijua tu kwamba chini ya gari palikuwa pakavu.

Mama Kelly alikuja Ijumaa, mi natoka msikitini.

“Fundi, imepona?”

“Imepona. Angalia chini, hata tone.”

Akainama akaangalia. Moteri ilikuwa inanguruma polepole pale uwanjani, na chini kweli hakukuwa kitu.

“Bon,” akasema, “lakini ilikuwa inavuja kwenye kupanda, si kwenye kusimama. Twende barabara ya Bugarama. Endesha we, mi nisikilize.”

Nilikuwa bado na kanzu nyeupe ya Ijumaa, na ndani yake kaptula ya kazi, ya zamani, imepasuka nyuma, maana nani anaangalia ndani ya kanzu ya mutu. Nilifikiria kwenda kubadilisha nikaona nitamchelewesha. (Tuseme ukweli, nilipenda pia kuonekana kwenye usukani wa gari ile na kanzu yangu.)

Barabara ile mnaijua. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine bonde, na katikati watu wa baiskeli, wanaopanda wakiwa wameshika lori kwa nyuma, na wanaoshuka na ndizi na makaa kutoka milimani, baiskeli imejaa mpaka mutu haonekani, mwendo wake hata gari inawaachia njia. Na breki ya wengi ni soli ya sandali, anaikandamiza kwenye tairi ya nyuma, basi. Watu hawa ninawaona tangu nizaliwe na sikuwahi kuwaogopea.

Tulipanda vizuri. Nikakazia, turbo ikapiga mluzi wake, Mama Kelly akatabasamu, nikakazia tena. Kwenye kona moja ya juu nikasikia kitu kama mutu ametema kokwa. Halafu harufu ya oili inayoungua, halafu klachi ikaanza kuteleza, moteri inalia lakini gari haipandi, na kwenye kioo moshi wa buluu.

“Fundi, simama,” akasema Mama Kelly. “Tukate matawi tuyaweke nyuma yaonye wanaokuja, mi naita depanaji ije kutuvuta.”

Nimpe haki yake: alisema hivyo, alisema mapema, na alisema polepole ili nisipate aibu. Lakini mi nilifikiria depanaji inashuka na gari imefungwa kamba na mi nimekaa ndani na kanzu, na kila dereva wa lori anayepita ananijua kwa jina, na kabla ya alasiri garaji zote zingekuwa zimepata cha kucheka. Nikamwambia, “Usijali Mama Kelly, inashuka yenyewe, mutelemko mupaka mjini.” Nikageuza gari. Huo ndio uamuzi, mdogo hivyo, wa kugeuza usukani.

Moteri sikuizima, maana ukiizima breki inakuwa ngumu, na kwenye mteremko ule nani anazima. Kwa hiyo tulishuka moteri ikiendelea kujitapisha oili chini yetu. Taa nyekundu ya oili ikawaka, hapo nikasimama kando, nikazima, nikatoka kuangalia.

Sikuangalia gari. Niliangalia nyuma. Kutoka pale tuliposimama mpaka kwenye kona ya juu kulikuwa na mstari mweusi, mpana, unang’aa juani, umepita katikati kabisa ya njia ya kushukia kama umechorwa na mutu mwenye nia. Mama Kelly alikuwa ametoka upande wake. Akauona, akaweka mkono mdomoni, akasema, “Mana yanje, Mungu wangu, Saidi, watu wa baiskeli.”

Na tukawasikia. Wanaposhuka wanapiga miluzi kuonyana, na tairi zinavuma. Miluzi na mvumo vilitoka juu ya kona, wenyewe bado hatuwaoni.

Sijui nilianza kukimbia saa ngapi. Nakumbuka nilikuwa napanda na nasoma kila dua ninayoijua nusu nusu, hakuna hata moja niliyomaliza. Kanzu ilinikamata magotini nikaanguka. Nikaamka nikaivua, nikaikunja mkononi, nikafika kwenye kona naipeperusha juu ya kichwa na napiga kelele, “Oili! Huile! Simama!” kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa Kirundi, kwa sauti ambayo si yangu.

Wa kwanza walielewa. Waliweka miguu chini, sandali zikalia, wawili wakajitupa kwenye mtaro wa upande wa mlima, na mtaro pia unaumiza lakini hauui. Nyuma yao alikuja mmoja na ndizi, kundi zima la mikungu, na yeye aliniona vizuri kabisa, mutu mzima kifua wazi na kaptula imepasuka anapiga kelele na nguo nyeupe. Akanikwepa. Akanikwepa kwa kwenda upande wa mstari.

Tairi ya mbele iligusa oili na baiskeli ikatoka chini yake. Ndizi zikatawanyika, yeye akateleza kwa ubavu, upande wa bonde, sikusikia hata sauti, nilimwona tu anakwenda, na nikajua ya kwamba naangalia mutu anakufa na ni mimi nimemuua, kwa oili ya kazi yangu. Akafika kwenye jiwe la kando ya barabara. Jiwe likamshika.

Halafu yule wa ndizi akainuka akakaa. Mkono wake ulikuwa umechunika kutoka kiwiko mpaka kiganja, akauangalia kama ni wa mutu mwingine, halafu akaniangalia mimi, juu mpaka chini.

“Kumbe una akili,” akasema. “Mi nilidhani mwendawazimu, nikasema huyu nimpite mbali.”

“Nisamehe, ndugu.”

“Ungevaa nguo ningesimama.”

Wenzake wakacheka, huku macho yao yako bondeni. Yule wa ndizi alikuwa anaitwa Nepo. Mmoja wao mwenye kofia ya sufu alinitoa kanzu mkononi bila kuniomba, akaifunga kwenye fimbo, akaisimamisha juu ya kona ili wanaofuata waione, akarudi akanionyesha ukingo wa mlima.

“Huile ni ya kwako, udongo ni wa Mungu. Anza.”

Nikaanza. Nilichimba kwa mikono, nikarusha, nikachimba, nikarusha. Mama Kelly alivua viatu vyake vya ofisini akasaidia. Mabasi yakapita polepole kwa sababu ya kanzu kwenye fimbo, na madirisha yote yakafunguka. Abiria mmoja akasema, “Fundi Saidi, hata ya kwako inavuja nyuma.” Simu zikatoka. Mi nilisikia yote, na wallahi sikujali, kwa sababu kila kitu kilichovuma huko juu kilinifanya nichimbe haraka zaidi.

Tulipomaliza mstari wote, Mama Kelly alimsafisha Nepo mkono kwa maji ya chupa akaufunga na kitambaa chake cha kichwani. Nepo akapanga tena ndizi zilizobaki, zile zilizopondeka akaziacha. Halafu akaniuliza, “Huko chini hakuna tena?”

Nilitaka kusema apana, imeishia hapa kwenye gari. Lakini nikakumbuka kwamba huenda ilianza kudondoka tulipokuwa bado tunapanda, kabla sijasikia kitu, na wao kwenye kona wanachukua barabara yote.

“Una hakika hakuna?” Nepo akauliza tena.

“Apana. Sina hakika. Ngojeni nitangulie.”

Mama Kelly akabaki na gari kungojea depanaji, mi nikatangulia kwa miguu, na kaptula yangu, kichwa chini naangalia lami, na nyuma yangu wanaume wote wale wanashikilia baiskeli zao kama wanapeleka ng’ombe, hakuna aliyepanda, hakuna aliyenipita. Hatukukuta tone. Barabara ilipolala, Nepo akapanda, akaenda bila kuniaga, na sikuona kwamba alikuwa na deni la kuniaga.

Nilipoifungua tena moteri nikakuta kitenge, nikakitoa, jointi nikaiweka upya, tundu likiwa wazi safari hii, na gari ya Mama Kelly haivuji mpaka leo. Anaipanda mlima ule bila mimi, na namuelewa.

Na mi nimejiwekea kiapo, sikukiandika pahali pengine ila hapa: gari ikiniharibikia, itakufa palepale ilipoharibikia, hata iwe mbele ya msikiti Ijumaa, hata iwe mbele ya wakwe zangu. Siigeuzi, siisogezi, siifichi. Waje wacheke mpaka wachoke. Kicheko hakijawahi kumteremsha mutu bondeni.