Mtukufu Ajifunza Kuomba

Ukimkuta leo nyuma ya meza ya pasi, miwani imemteremka puani, huwezi kuamini kwamba mzee huyu aliwahi kutawala nchi. Alitawala kweli, miezi minane tu, na baada yake ukoo wake haukutawala tena. Wakoloni walikunja bendera yao wakaenda zao, serikali mpya ikampa siku moja awe ametoka kwenye jumba, naye akatoka na sanduku moja na mama yake mgonjwa. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na alikuwa hajawahi kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Makubwa hayo!

Walimwita Mtukufu tangu utotoni, na jina likamganda mpaka kwenye duka la dobi, ingawa siku hizi watu hulitamka kwa kicheko. Kazi anaijua. Anaanza na kola, upande wa ndani kwanza, halafu mabega, mikono, mgongo. Vifungo anavizunguka kwa ncha ya pasi bila kugusa hata kimoja. Wateja wanamtaka yeye, si mwingine. Ila ana mkunjo mmoja ambao miaka arobaini ya pasi haijaunyoosha: haombi kitu.

Si kiburi, jamani, msimwonee. Ndivyo alivyolelewa. Kwao mtawala alitaja tu, kitu kikaja. Akisema leo kuna joto, dirisha linafunguliwa. Akisema mchana ni mrefu, chai hiyo mezani. Akakua akiamini kwamba binadamu wote husikia hata kile ambacho hujasema.

Sasa kulikuwa na binti wa mwalimu wa shule, mchumba wake, na tarehe ya harusi ilikwisha pangwa. Jumba lilipochukuliwa, wazazi wa binti wakaamua kuhama nchi kwa treni, naye Mtukufu hakuweza kumwacha mama yake kitandani. Pale stesheni binti alisimama na gauni lake la buluu, tiketi mkononi, akamuuliza anasemaje. Moyo wa kijana ulikuwa unapiga kelele, baki nami, baki. Mdomo ukasema treni hii huwa haichelewi. Binti akapanda. Mtukufu akabaki ameduwaa, maana yeye alijua ameshamwambia. Hivi kweli, mtu mzima na akili zake!

Mama yake alifariki mwaka uleule. Barua Mtukufu alimwandikia binti, na kila barua ilisema nyumba ina nafasi, ua umefagiliwa, jioni ni kimya. Binti wa mwalimu hakuzoea mafumbo ya majumba makubwa; alijibu kwamba amefurahi kusikia nyumba ni nzuri. Mwishowe barua zikakoma. Mtukufu hakuoa. Alimtamani mwanamke yule miaka yote, na kila gauni la buluu lililopita chini ya pasi yake lilimuumiza.

Wiki iliyopita ikaja barua ya mwanamke yule. Amekuja kumwona dada yake aliyebaki nchini, anayeumwa, na Alhamisi atapita dukani kabla ya treni ya mchana. Mwenye duka, mjane asiyemung'unya maneno, aliona mzee anavyoirudia karatasi ileile kuisoma, akamchimba mpaka akayatoa yote. Akamwambia safari hii utaomba kwa kinywa chako, na mafunzo yanaanza sasa hivi. Akaificha pasi. Mtukufu akasema leo mashati ni mengi. Mjane akajipepea. Mzee akasema meza iko tupu. Mjane akazidi kujipepea. Ilimchukua nusu saa, jasho linamtiririka, kutamka naomba pasi. Siku ya pili ikawa robo saa. Kufikia Jumatano alikuwa anaomba maji, anaomba wanga wa kukazia kola, anaomba hata vitu alivyovishika mwenyewe, duka zima linamcheka, naye anacheka.

Alhamisi akaja kweli, kichwa cheupe, sanduku dogo mkononi. Mjane akawapa viti, akajifanya ana kazi uani. Waliulizana afya, wakaulizana waliotangulia. Kisha Mtukufu akasimama.

"Nakuomba usiondoke," akasema. "Nilitaka kukuomba siku ile. Sikujua kuomba."

Mwanamke akaliweka sanduku chini.

"Siku ile nilishuka kituo cha pili," akasema. "Niliwagomea wazazi, tukalala pale siku tatu. Nilisema ukija kunifuata nitajua unanitaka."

Mtukufu akaketi. Siku tatu zile alikuwa nyumbani, amekaa dirishani, anamngoja yeye arudi.

Mwanamke akamweleza kwamba baadaye aliolewa. Mumewe ni mtu mwema, sasa hajiwezi, na anamngoja. Hakuyasema kwa hasira. Alilia, wala hakuficha machozi, na alisema kwamba kwa miaka mingi alisoma zile barua za ua uliofagiliwa akitafuta neno moja tu. Halafu akaitazama saa ya ukutani, akainama kuchukua sanduku lake.

"Naomba nikubebee," Mtukufu akasema.

Akampa. Wakatoka wote wawili, wakashika barabara ya stesheni, yeye na sanduku begani, akitembea polepole kadiri alivyoweza.