Majigambo ya Mniko

Mtu aliyekomaa katika ngoma utamjua wakati wa kula. Wale vijana wa kelele wanaanza na nyama choma na pombe siku ya kwanza, wanaruka hadi vumbi linafika kwa Mungu, na siku ya pili unawakuta chini ya lori wamelala midomo wazi, nzi wanaingia na kutoka bila hodi. Mniko wa Nyamwaga hakuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa mpiga litungu, kile kinanda chetu cha nyuzi nane chenye tumbo la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, na ngoma za kiangazi alizijua vizuri sana. Asubuhi alikunywa uji wa wimbi. Mchana, maziwa mgando. Nyama aliionja tu, kwa ajili ya heshima ya mwenyeji. Kati ya wimbo na wimbo hakupiga soga na mtu, maana sauti ni kama maji ya mtungi, ukimpa kila mpita njia utakosa ya kwako. Wengine walipokwenda kula, yeye alifunika uso kwa kofia akalala palepale alipoketi, viatu vya tairi kavua, miguu kainyoosha kivulini.

"Mzee unajibania mno," Nikodemo alimwambia. Nikodemo ndiye aliyekuwa akimwitikia nyimbo, na yeye nyama hakujibania hata kidogo.

"Nina Jumamosi yangu, mura," Mniko alijibu, kama tunavyowaita vijana wetu. "Wewe kula."

Hiyo Jumamosi ndiyo habari yenyewe. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, kule Nyangoto kila mwenye sururu anachimba, na duara la Mseti, shimo refu upande wa kilimani, lilikuwa limetema dhahabu. Mseti akaamua kushukuru kwa ngoma ya siku tatu, Jumatano mpaka Ijumaa. Mniko alikubali kwa sharti moja tu: Ijumaa jua likizama, anafunga litungu lake anaondoka. Jumamosi wakwe walikuwa wanatoka ng'ambo, upande wa Kenya, kuja kumchukua Bhoke, binti yake wa kwanza. Toka Bhoke akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, baba yake alimwahidi kwamba siku ya kuondoka kwake atampigia langoni, mpaka atakapopotea machoni. Wimbo alikuwa nao tayari. Ameutunga akichunga, ameutunga akilima, hajamsikilizisha mtu yeyote, hata Nikodemo. Ndiyo maana alizibania nguvu zake. Za Mseti alizigawa kwa kijiko, za Bhoke aliziacha chunguni.

Sasa, kila mpiga litungu akikaa kwenye kigoda, kabla ya wimbo lazima ajigambe. Ndiyo desturi. Utataja ukoo wako, utataja baba zako, kisha utajisifu uongo mkubwa mkubwa, na watu watacheka na kupiga vigelegele, na hakuna atakayekuuliza ushahidi. Mniko huko nyuma aliwahi kusema kwamba Mto Mara huwa unasimama kumsikiliza. Alishasema simba wa Serengeti wanamwogopa mke wake. Nani aliyekwenda kuuliza simba?

Basi Jumatano hiyo, jua la alasiri linachoma, Mniko akakaza nyuzi, akakohoa, akasema: "Mimi ndiye Mniko! Mimi ndiye niliyeita dhahabu ya Mseti! Uzi wangu ukilia, jiwe linafunguka. Nikinyamaza, mwamba unafunga mlango!"

Watu wakacheka, wakashangilia. Akapiga. Na wimbo haujafika katikati, kelele zikatoka kule shimoni. Wachimbaji, ambao hata siku ya ngoma hawakuacha kazi, walikuwa wamepandisha jiwe lenye mishipa ya njano inayoonekana kwa macho matupu, jiwe ambalo wenyewe walisema hawajawahi kuliona. Simioni, msimamizi wa duara, alikuja mbio akiwa amelibeba kifuani. Akasimama mbele ya Mniko. Akalitazama jiwe, akalitazama litungu.

Lo! Mniko mwenyewe alifurahi, mpumbavu yule. Akaongeza jigambo jingine juu.

Wachimbaji ni watu wa ajabu, tuseme ukweli. Mawe yakikubali, habadilishi mtu kitu. Aliyekuwa amevaa shati lililopasuka hatalivua, aliyekuwa hajaoga haogi. Simioni mwenyewe alikuwa hajaoga toka duara liteme, na alikaa upande wa upepo kwa makusudi, nadhani. Watu wa hivyo unawaambia uzi wako unafungua jiwe? Alhamisi asubuhi kigoda cha Mniko kilikuwa kimehamishwa kutoka uwanjani mpaka karibu na mdomo wa shimo.

"Pale ulikuwa mbali, mzee," Simioni alisema kwa adabu. "Chini hawakusikii vizuri."

Mniko akacheka. Simioni hakucheka.

Alhamisi yote alipiga akiwa pale kando ya shimo, vumbi likimwingia kooni. Alipofunika uso alale kidogo, nyundo za wapondaji zikanyamaza, na alipofungua macho akakuta wanaume wamemzunguka, kimya, wanasubiri aamke. Ilimbidi apige. Uji wakamletea, maziwa wakamletea, mwingine akamwosha miguu. Hakuna aliyemgusa kwa ubaya. Laiti wangemtukana, angejua pa kushika.

Ijumaa akajaribu ujanja. Alilegeza nyuzi makusudi, akapiga ovyo, litungu likatoa sauti ya mbuzi mwenye kikohozi. Wachezaji walishangaa. Lakini chini jiwe likazidi kung'aa, na Simioni akapiga kofi pajani: "Hivyo hivyo, mzee! Hivyo ndivyo linavyotaka!" Mniko alitamani ardhi immeze, kisha akatazama lile shimo pembeni yake akaiacha hiyo tamaa.

Jua lilipoelekea kuzama alifunga litungu mgongoni akamwendea Mseti, aliyekuwa amekaa chini ya turubai na wageni wake.

"Mseti, nimemaliza. Kesho nina kazi kwangu."

"Kesho?" Mseti alisimama, akamvuta kando. "Mzee wangu, kesho huwezi kwenda."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana kabla hujasema yale maneno."

"Ah, Mseti! Yale ni maneno ya ngoma! Wewe umezaliwa wapi, hujui kujigamba? Mimi siiti dhahabu. Mimi hata mbwa wangu nikimwita haji!"

Mseti alicheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Mimi najua. Lakini nenda kawaambie wao." Akaonyesha kwa kidevu kule shimoni. "Wale wamekuja kutoka kwao, wameacha watoto wanalala njaa. Leo kwa mara ya kwanza mawe yanawapenda. Nikikuachia, na kesho jiwe likawa tupu, watasema Mseti ndiye aliyefukuza bahati. Mimi hapa nimefungwa kama wewe. Nitampelekea binti yako ng'ombe."

"Sitaki ng'ombe. Nataka kwenda kumpigia mwanangu."

"Siku mbili tu, mzee. Labda tatu."

Mniko aliwaendea wachimbaji wenyewe. Aliwaeleza kinaga ubaga: ni majigambo, ni desturi, hata baba yake alijigamba hivyo. Walimsikiliza kwa heshima zote, kisha mmoja akawageukia wenzake akasema, "Mnaona? Wenye nguvu za kweli huwa wanajishusha." Ikabidi akae. Nikodemo peke yake ndiye aliyeachiwa, maana tumbo lilikuwa limemgeuka kwa ile nyama, na hakuna aliyedai kwamba tumbo la Nikodemo linaita dhahabu.

"Mwambie Bhoke nakuja," Mniko alimwambia. "Mwambie asitoke langoni mpaka anione."

Jumamosi jua lilimkuta kigodani. Zile hesabu zake zote za uji na kivuli zilikuwa zimekwisha. Sauti ilikuwa imekwenda, ikabaki hewa tu. Vidole vimepasuka nchani, na kila uzi aliougusa aliuachia alama nyekundu. Alikuwa anapiga kwa mazoea, huku moyoni yuko Nyamwaga. Saa hizi wakwe wamefika. Sasa wanakaribishwa uji. Sasa Bernadetha mkewe anamfunga mtoto kanga. Sasa Bhoke anatazama njia. Aliumia sana. Alikuwa na hasira na Mseti, na Simioni, na jiwe, lakini zaidi na mdomo wake mwenyewe.

Ndipo uzi mmoja ukakatika wenyewe. Pwaa! Nyundo zote zikanyamaza. Simioni alishtuka, akakaribia, akautazama ule uzi unavyoning'inia, na uso wake ukawa wa mtu aliyeona nyoka kitandani.

"Utaweza kuutengeneza?"

Mniko akatikisa kichwa. Nyuzi zile ni kano za ng'ombe. Kuzitoa, kuzisokota, kuzikausha, ni kazi ya siku nyingi, na Simioni alilijua hilo.

"Basi piga hizo zilizobaki," Simioni alisema.

Mniko alibaki anaitazama mikono yake. Kumbe njia ya kutoka ilikuwa palepale mapajani. Lakini nyuzi zenyewe ndizo alizotaka kwenda nazo kwa Bhoke. Akizikata, anafika. Akizikata, anafika na nini? Na mti na ngozi? Akapiga kidogo ili wasimshuku, machozi yakamtoka, na wao wakadhani ni vumbi.

Kisha akainama kama mtu anayekaza vigingi, akatoa kisu kidogo cha kuchongea. Akakata. Akakata tena. Aliacha uzi mmoja, ule mnene, ambao wimbo wa Bhoke uliegemea juu yake. Akajisemea huo mmoja unatosha kumwambia mtoto kitu.

Akainuka, akamwonyesha Simioni litungu.

Simioni alizitazama zile nyuzi zinazoning'inia. Akahesabu kwa macho. Kisha akashusha pumzi, akatabasamu.

"Umebaki huu, mzee. Mnene. Huu unatosha. Kaa upige huu."

Mniko akamtazama. Maneno yaleyale! Akaupitisha uzi ule kwenye kisu, mbele ya macho yao wote.

Hakuna aliyempiga. Simioni alikaa chini mavumbini akashika kichwa. "Umetuua, mzee," alisema polepole. "Umetuua." Wale wa chini walianza kupanda mmoja mmoja bila kuitwa, wakakaa pembeni na sururu zao. Mniko alitaka kuwaambia warudi wakachimbe, jiwe liko palepale, halimjui yeye wala baba yake. Alifungua mdomo, ikatoka hewa. Wakampisha njia akapita, na hakuna aliyemuaga.

Njia nzima ya Nyamwaga alitembea kwa haraka, litungu bubu likimgonga mgongoni. Alifika mchana umegeuka. Wakwe walikuwa wamesimama langoni, mizigo vichwani, nyuso zimekunjamana kwa kusubiri. Na Bhoke alikuwa amekaa chini katikati ya njia ya kutokea, na kanga zake mpya, amekataa kuinuka.

"Tata!" Ndivyo sisi tunavyoita baba. Aliinuka akamkimbilia. "Nilijua. Niliwaambia."

Mniko akashusha litungu. Bhoke akaliona. Akazishika zile nyuzi moja moja, akazigeuza ncha zake kwenye vidole. Huyu amekulia chini ya litungu. Uzi uliokatika wenyewe unachanika kama mkia wa ng'ombe, na mmoja tu ndio ulikuwa hivyo; hizi nyingine zilikatwa sawasawa.

"Umezikata mwenyewe," alisema.

Baba akaitikia kwa kichwa.

"Zote hizi? Ili uje?"

Akaitikia tena, na hakuweza kumtazama mwanawe usoni.

Mkwe mkubwa, mzee mrefu aliyevaa koti zito katika jua lile, alikuwa amesogea akiwatazama. "Wacha! Kumbe ndiye huyu?" alisema. "Huyo Nikodemo wenu ametuambia yote. Ati dhahabu inamsikiliza! Mzee, sisi pia tuko na shimo kule kwetu. Ukishaweka nyuzi mpya, si utakuja utuitie?" Wakwe wote wakamgeukia Mniko, na macho yao yakawa yaleyale ya wachimbaji.

Mniko akafungua mdomo kukataa. Hakukutoka kitu. Akamwona Nikodemo nyuma ya watu, anatazama vidole vya miguu yake, na akaona jinsi lile jigambo lilivyomtangulia kufika nyumbani kwake mwenyewe. Akaketi chini palepale langoni, hana pengine pa kwenda. Akalilaza litungu mapajani, na kwa vile vidole vilivyopasuka akaanza kugonga ngozi, taratibu, mapigo ya wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Ilikuwa sauti ndogo. Kuku wakipiga kelele ungeipoteza.

Bhoke alisimama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akajifuta macho kwa pindo la kanga, akaenda akasimama mbele ya mkwe wake.

"Baba yangu haiti dhahabu," alisema. "Twende. Ameshanipigia."