Chatu na Arobaini Yangu

Mume wangu aliuza tende, na muuza tende hana adui kama panya. Nyumba yetu ya Mji wa Kale ilikuwa na ghala chini na sisi juu, ngazi zake za mbao zimesimama wima, mgeni hupanda kashika ukuta. Nasema habari za miaka ya tisini, simu za mkononi hatujaziona bado. Siku moja akarudi kutoka Kibarani na kitoto cha chatu ndani ya kopo la maziwa, unene wake kama kidole.

"Atatumalizia panya," akasema.

Nilipiga ukelele mpaka jirani akaja na mchi mkononi. Lakini nilikuwa bado bibi harusi, na bibi harusi nani humsikiliza?

Panya aliwala, nisimsingizie. Ila akakua. Na alipokua kila mtu akamwogopa, na kila aliyemwogopa akamlisha. Mavyaa wangu, yaani mamake mume wangu, Mungu amrehemu, aliamini nyoka akishiba hana haja na mtu. Basi kila Ijumaa humtupia kuku mzima. Hamali wa magunia naye, kabla hajaingia ghalani, humtangulizia panya wa mtegoni. Ikawa kama mahari, kila apitaye atoe. Mwisho chatu akawa amelala tu sandukuni mwake ghalani, ubavu umemwagika kama unga uliozidi maji, magamba yameachana hata ngozi katikati yaonekana. Panya wanampita mbele ya pua.

Mume wangu akamleta mtu mmoja aliyekuwa akionyesha watalii nyoka kule karibu na Ngome. Akamshika chatu, akamgeuza, akamfinya tumbo.

"Huyu mafuta yatamuua. Mpunguzie chakula. Na kila siku atembee, apande mti, ajinyooshe."

Mume wangu alihuzunika kama aliyeambiwa habari ya ndugu yake. Akasimamisha boriti ya mkoko uani, na kila baada ya alasiri humtoa chatu akampandisha, akishuka humpandisha tena. Halafu humtia kapuni na kumpima kwa mizani ya tende. Kuku wa Ijumaa akapigwa marufuku.

Mavyaa akamwambia, "Wewe umeoa wake wawili, na asiye na miguu ndiye umpendaye."

Tukacheka. Mimi nilicheka kwa mdomo tu, maana ndio kwanza nilikuwa nimejifungua.

Wasichana wa leo hawaijui arobaini ya uzazi sawasawa. Mzazi hatoki chumbani, hashuki ngazi, hapigwi na upepo. Asubuhi na jioni hukandwa kwa maji ya moto, hufukizwa ubani, na chini ya kitanda huwekwa chungu cha makaa ili mwili urudi. Na hulishwa! Uji wa pilipili manga, mchuzi wa kuku, supu ya miguu ya mbuzi. Mwanangu naye ananyonya, mashavu yanajaa. Basi fikiria: juu kwanukia kuku kutwa, juu kuna mtoto laini anayenona, na chini kuna chatu aliyenyimwa chakula ambaye anafundishwa kupanda.

Nilimwambia mume wangu, "Bwana, kwa nini unamfundisha kupanda?"

"Apunguze mwili."

"Akishapunguza atapanda wapi?"

Akacheka. Nikawa silali mchana. Mbao za ngazi zikilia, namkumbatia mwanangu. Paka akiruka darini, namkumbatia. Hata maziwa yalianza kukauka kwa hofu, mavyaa akasema ni jicho la watu.

Ikaja siku ya baridi ya kusi, manyunyu tangu asubuhi. Chatu yuko kwenye boriti. Mlangoni akaja mzee mmoja, mfanyabiashara mwenzake mume wangu, na nyinyi mwazijua salamu za watu wetu: hujambo, watu wa nyumbani, mama, afya, biashara, mzazi hajambo, mtoto anyonya. Nilizisikia zote kutoka juu. Zilipokwisha, nikamsikia mume wangu uani:

"Mama! Umemwona?"

"Nimemwona nani?"

Halafu magunia yakaanza kuburutwa, na mavyaa akasoma aya kwa sauti kubwa.

Mimi nilikuwa kitandani, mtoto ubavuni. Chini yangu chungu cha makaa kikasogea. Kikakwaruza sakafu kidogo, kikanyamaza, kikakwaruza tena. Nikainama, nywele zikining'inia. Alikuwa amekizunguka chungu chote, anaota moto, kichwa kakiweka juu ya mviringo wake, ulimi watoka na kurudi.

Nilimchukua mwanangu, nikakanyaga mbali kadiri mguu ulivyofika, nikashuka ngazi zile miguu mitupu, kichwa wazi, nikampita yule mgeni mlangoni bila hata salamu.

Mavyaa ananifuata, "Mzazi! Rudi! Upepo! Utapigwa na upepo!"

Chatu hakumtaja kabisa.

Niliingia kwa jirani, nikakaa sakafuni, nikamvua mwanangu nguo zote nikamtazama mwili mzima. Alikuwa mzima, amelala. Nikasema arobaini iliyobaki naimalizia hapo, na kwetu sirudi akiwamo yule.

Mume wangu alikuja akasimama nje ya pazia. "Alitaka joto tu, mke wangu. Wallahi, joto tu."

"Leo joto."

Kesho yake akampeleka kwa watu wafugao nyoka, ng'ambo ya daraja. Jioni akaja tena penye pazia, macho mekundu.

"Nimempeleka."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Ukamwona akitiwa ndani?"

"Nilimwona."

"Na mlango?"

"Una komeo."

"La mti ama la chuma?"

"La chuma."

Nikamfunika mwanangu vizuri.

"Nenda kesho ukalitazame tena," nikamwambia.