Boksi Lililobaki Ng'ambo

Kwa miaka yote niliyovaa koti jeupe nilikana jambo moja: kwamba neno nililolisema zaidi kazini ni "sijui." Mume wangu alipowaambia wageni kuwa nazijua dawa zote kichwani, nilitabasamu na kuwaongezea chai. Sasa nimestaafu kwa hiari, nakiri. Sikuzijua. Nilichojua ni mahali pa kuuliza.

Hilo nilifundishwa siku ya kwanza, katika hospitali moja hapa Kigoma. Nilifika na shahada yangu na viatu vya kisigino visivyofaa stoo. Mfamasia Mfawidhi, yaani mkuu wetu, aliniuliza kama dawa fulani ya presha inapatana na ya maumivu. Nikajibu haraka, kwa sauti ya chuo.

"Nani kasema?"

"Niliandika darasani, mzee."

"Na mwalimu aliisoma wapi? Lini? Aliyeiandika alikuwa anauza nini?"

Nilidhani ananionea. Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Vijitabu vya kampuni vilikuja na kalamu za bure; yeye alichukua kalamu, vijitabu akafungia vitumbua. Mwongozo wa taifa wa matibabu hakuufungua kabla ya kuangalia mwaka wa toleo. Jibu zito alitaka lithibitishwe na vyanzo viwili ambavyo havikunakiliana. Baadaye nilipopewa kusimamia dawa za vituo vya mwambao, hadi Mwamgongo kwa boti, niliwasumbua waganga kwa swali hilohilo mpaka wakanibatiza Mama Nani Kasema.

Siku hizi vijana wenye simu nzuri kuliko kompyuta yetu ya stoo huniuliza nilikuwa natumia tovuti gani. Nawasimulia habari za Riziki, mwanika dagaa wa Katonga.

Riziki alikuwa mjamzito na ana kifafa. Dawa alinunuliwa na shemeji yake ng'ambo ya ziwa, Kalemie, Kongo. Sasa, wauzaji wa pande zote mbili za ziwa hukata karatasi ya vidonge kwa mkasi, kila mteja apate anachomudu. Jina la kitaalamu, lile linalotaja kilichomo ndani, huenda na mteja mwingine. Kipande alichotuletea Riziki hospitalini kilibaki na jina la biashara na, ukingoni, namba ya toleo, ile ya kundi la vidonge vilivyotengenezwa pamoja.

Nikatafuta mtandaoni. Jina hilo la biashara, nchi moja lilikuwa lamotrigine, ambayo mjamzito anaweza kuendelea nayo akiangaliwa kwa karibu. Nchi nyingine lilikuwa valproate, ambayo inaweza kumlemaza mtoto tumboni.

"Mfamasia, kwenye grupu la madaktari wameshasema ni valproate," alisema daktari wa zamu. "Tumwachishe leo."

"Grupu limeona boksi, Daktari?"

"Haya, wewe unasemaje?"

"Sijui bado."

Riziki akacheka kwa uchungu. "Jamani! Msomi mzima hajui!" Akapandisha mkono wa gauni, tukaona kovu la moto. "Hapa niliangukia jiko, siku nilizokosa dawa. Mtoto namtaka, dada. Lakini atalelewa na nani nikiungua?"

Nilimwambia asiache dawa, wala asiondoke. Nikampigia shemeji, nikamwomba arudi kwenye duka lile lile kutafuta boksi. Daktari alipita mlangoni mara kadhaa, kila mara akikohoa. Mimi niliufungua mwongozo kwenye dawa zote mbili, nikakisoma tena nilichokwisha kukisoma.

Simu ikaita. Nikaweka spika.

"Alo, mama? Bwati iko hapa, mu mukono yangu."

"Vizuri, shemeji. Acha jina kubwa la kwenye boksi. Nisomee maandishi madogo chini yake."

Akasoma herufi moja moja, kama anayevuka mto juu ya mawe. Lamotrigine. Riziki akajishika tumbo. Daktari akanyoosha mkono achukue faili la Riziki; nikalikalia.

"Bado. Shemeji, kuna namba ya toleo ubavuni."

"Kuko mingi hapa, mama."

"Soma zote."

Nilisogea dirishani na kipande cha Riziki. Namba ya kwanza haikuwa yenyewe. Ya pili ilianza vizuri, ikaendelea vizuri, na herufi ya mwisho ikaangukia pale pale ilipokuwa chini ya kidole changu.

"Ni hiyo," nikasema. "Anaendelea na dawa."

"Nani kasema?" Daktari aliuliza kwa kunikejeli.

Nikampa simu. "Boksi. Liulize mwenyewe."